Shamba la Nyumbani, Ghala na Kuku wa Uani
(Hotuba iliyotolewa Nkanka mbele ya wanachama, siku ya ukumbusho)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kuotesha ndani yake riziki za viumbe vyake. Na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na Aali zake na Masahaba zake.

Ama baad. 

Katika siku za ukumbusho ni ada yetu kuyataja yaliyopita na kuwaombea rehema waliotutangulia. Hayo yamekwisha kusemwa na wenzangu, nao wamesema vizuri. Mimi nimetakiwa niseme khabari ya shamba dogo la nyumbani, uwekaji wa chakula na kuku wa uani. Huenda mtu akaona kuwa ni jambo dogo kwa siku kubwa kama hii. Silioni dogo. Mtoto aliyelala na njaa hasikii darsa ya asubuhi, na mzee wa nyumba asiye na chakula ndani hana utulivu wa moyo hata katika sala yake.

Neno langu ni moja, na yote nitakayosema yatalizunguka neno hilo: kuweka chakula ni sehemu ya kulima. Anayelima asiweke, amefanya nusu ya kazi; na nusu iliyobaki ndiyo iletayo njaa.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Uislamu uliingia Rwanda pamoja na wafanyabiashara, askari na mafundi waliotoka pwani na Tabora, na msikiti wa kwanza ulijengwa Nyamirambo mwaka 1913. Katika zama za utawala wa Wabelgiji, Waislamu wengi walikaa katika mitaa yao mijini, hata mitaa hiyo ikaitwa kambi za Waswahili. Kazi zao zilikuwa biashara, ushonaji, udereva na ufundi. Na mashamba hawakuwa nayo, au walikuwa nayo machache. Basi baadhi yetu tumerithi tabia ya dukani: kununua leo cha kula leo. Tabia hiyo ilimfaa mtu wa mjini mwenye fedha kila jioni. Lakini leo wengi wetu hapa Nkanka tunaishi juu ya milima hii inayoteremkia Ziwa Kivu, tuna migomba, mihogo, maharagwe na mibuni, nasi twaendelea kula kama watu wa dukani. Twavuna mwezi wa Januari, twauza mwezi huo huo kwa bei ndogo kwa kuwa kila mtu anauza. Kisha ifikapo Aprili twakwenda soko la Kamembe kununua maharagwe yale yale kwa bei kubwa. Mkulima anayenunua mazao yake mwenyewe amemlimia mwingine.

Wala msidhani kwamba nasema khabari ya kufikirika. Mwezi wa Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa ajili ya maradhi ya Uviko, wachuuzi wadogo waliokuwa wakivuka kila siku baina ya Kamembe na Bukavu walisimama ghafla. Mwezi wa Juni mwaka huo huo mji wa Rusizi ukafungwa tena. Aliyekuwa akila kutokana na faida ya jana alibaki mikono mitupu. Aliyekuwa na gunia la maharagwe makavu, mihogo ardhini na kuku watano uani, alipata dhiki kama wenziwe, lakini watoto wake walikula.

Wazee wetu walisimulia njaa ya Ruzagayura ya mwaka 1943 na 1944, iliyoua watu wengi sana katika nchi hii. Ukame ulikuwapo, ugonjwa wa viazi ulikuwapo, na mizigo ya vita vya Wazungu ilikuwapo. Hatuna uwezo juu ya mvua, wala juu ya vita. Lakini juu ya ghala tunao. Na katika zama zetu njaa haiji daima kwa kishindo. Huja polepole, ikamdumaza mtoto. Uchunguzi wa afya wa nchi yetu wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa watoto 44 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa mwaka 2014 na 2015 ukaonyesha 38. Na ule wa 2019 na 2020 ukaonyesha 33. Twamshukuru Mungu kwa kupungua huko. Lakini mtoto mmoja katika watatu si hesabu ya kujivunia, hasa katika nchi yenye mvua mara mbili kwa mwaka.

Sasa nitajibu hoja niliyoisikia mara nyingi, hata msikitini. Mtu husema: "Riziki iko kwa Mungu, kujiwekea chakula cha miezi ni upungufu wa tawakali." Ndugu zangu, maneno haya si sahihi. Kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) chatufundisha kinyume chake. Nabii wa Mungu, mwenye imani kutushinda sisi sote, aliwafundisha watu wa Misri kulima miaka saba kwa juhudi, na walichovuna wakiache katika masuke yake, isipokuwa kile kidogo cha kula. Nacho kikawafaa katika miaka saba ya ukame. Tazameni: hakuwaambia waweke tu, bali aliwaambia na namna ya kuweka. Na Mtume wetu (S.A.W.) imepokewa kwamba aliwawekea ahali zake chakula cha mwaka. Kilichokatazwa ni kuficha chakula ili watu wadhikike na bei ipande, na hiyo yaitwa ihtikari. Lakini kumwekea mkeo na wanao ni wajibu wa mwenye nyumba.

Tuje katika hesabu, kwani ghala bila hesabu ni shimo. Kila nyumba na ihesabu siku zilizoko baina ya mavuno ya mvua za umuhindo, mwezi wa Januari, na mavuno ya mvua za itumba, mwezi wa Juni. Ni kiasi cha siku 150. Ikiwa nyumba yapika nusu kilo ya maharagwe kila siku, yahitaji kilo 75 mpaka mavuno mengine. Ongeza kilo 10 za mbegu, ziwe 85. Hizo si za kuuza. Zikishatengwa, kinachozidi ndicho cha sokoni. Dasturi yetu ni kuuza kwanza, tukala kinachobaki. Nasema tuigeuze, tutenge kwanza, tuuze kinachobaki.

Ama namna ya kuweka, nitaanza na maharagwe, kwa kuwa ndiyo nyama ya wengi wetu. Adui yake ni fukusi. Mdudu huyu hutaga mayai baina ya punje, na buu akitoka huhitaji saa nyingi kutoboa ganda la punje, naye hujikaza kwa kuegemea punje ya jirani. Basi akisumbuliwa kabla hajaingia, hufa. Kwa sababu hiyo, mwenye gunia dogo lisilojaa sana na alibiringishe asubuhi na jioni, hasa katika wiki za mwanzo. Kazi ya dakika chache ambayo mtoto aweza kuifanya, wala haigharimu hata faranga moja. Mwenye uwezo na anunue mfuko wa tabaka tatu, yaani mifuko miwili ya nailoni nene ndani ya gunia moja. Kila tabaka hufungwa peke yake kwa nguvu. Wadudu waliomo humaliza hewa, nao hufa bila ya dawa yoyote. Sharti lake ni kwamba usitobolewe, usiguse ukuta, uwe juu ya mbao, na panya wasiufikie.

Lakini mfuko hauponyi punje mbichi. Ukifunga mahindi au maharagwe yenye unyevu, umefunga uozo. Kipimo chake ni chepesi. Twaa chupa kavu, tia chumvi kavu kidogo na punje kiasi cha robo ya chupa, funga, tikisa vizuri, kisha uache zitulie. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, punje bado ni mbichi, rudisha juani. Isipogandamana, funga mfuko wako. Na kuanika kuwe juu ya turubai, jamvi au kichanja, si juu ya udongo mtupu, kwani udongo una unyevu na kuvu. Mahindi yaliyoota kuvu huweza kuwa na sumukuvu, sumu isiyoonekana kwa macho wala kuondoka kwa kupikwa, nayo huharibu ini. Wala tusiseme, "Haya tutawapa kuku." Kuku nao hudhurika, na sumu yaweza kumrudia mwenyewe katika chakula chake.

Mihogo Mwenyezi Mungu ameijaalia ghala lake: ikikomaa yaweza kungoja ardhini miezi mingi, ukachimba kadiri ya haja yako. Lakini ikichimbwa haingoji, huanza kuharibika kabla ya siku tatu kupita. Kwa hiyo usichimbe shina usilolihitaji. Mihogo michungu na imenywe, iroweke siku tatu au nne mpaka ilainike, kisha ianikwe ikauke kabisa ndipo isagwe unga. Mtu asizipunguze siku hizo kwa haraka ya njaa. Katika baadhi ya wilaya za Kongo, watu waliokula mihogo michungu isiyoroweka vizuri, bila ya kitoweo cha kutosha, wamepatwa na maradhi ya konzo yanayopoozesha miguu, nayo hayaponi.

Mboga za bustani ya jikoni nazo zaweza kuwekwa. Kila nyumba yaweza kuwa na kitalu cha mchicha, huu tunaouita dodo, na mgagani, yaani isogi, karibu na mlango wa jiko, kinyweshwe kwa maji ya kuoshea vyombo. Wakati wa mvua mboga huzidi, na wakati wa kiangazi cha Juni hadi Agosti hutoweka. Basi zinapozidi, zioshwe, zitumbukizwe katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, kisha zianikwe kivulini penye upepo, si katika jua kali, kwani jua huharibu vitamini A iliyomo. Zikikauka hata zikakatika mkononi, zitiwe katika chombo chenye kifuniko.

Na ziwa letu limetupa samaki wadogo, isambaza. Wengi hudhani kuwa wamo humu tangu zamani, lakini waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika baina ya mwaka 1958 na 1960. Leo kila usiku twaona taa za wavuvi majini. Isambaza wakianikwa juu ya kichanja cha wavu, si mchangani, hukauka upesi, huwa safi, na huwekwa kwa muda mrefu. Kijiko kimoja cha unga wao katika uji wa mtoto ni bora kuliko sukari.

Sasa niseme juu ya kuku. Tufanye hesabu. Matetea watano wa kienyeji, kila mmoja akitaga mara tatu kwa mwaka mayai 12, hupata mayai 180. Mayai 60 yakiatamiwa, yabaki 120 ya kula na kuuza. Hii si mali ya kudharauliwa. Lakini tuulize: mbona wengi wetu tuna kuku miaka kumi na bado ni watano wale wale? Jawabu ni mbili: vifaranga na kideri.

Yai huatamiwa siku 21. Baada ya hapo vifaranga huachwa watembee na mama yao tangu siku ya kwanza. Mwewe huchukua, mvua huua, paka hula, na mara nyingi nusu yao au zaidi hawafiki miezi miwili. Dawa yake ni tenga au banda dogo lenye wavu kwa wiki nne za kwanza, maji safi, na chakula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, pamoja na mchwa wanaowapenda. Na kuku wakubwa wawe na banda lililoinuliwa, lenye upepo, lisilojaa kupita kuku wanne au watano kwa kila mita moja ya mraba. Samadi yao isitiwe mbichi kwenye mboga, kwani huunguza. Ichanganywe na majani makavu, ioze, ndipo irudi kitaluni. Hivyo shamba humlisha kuku, na kuku hulilisha shamba.

Ama kideri, ambacho kwa Kinyarwanda huitwa umuraramo, ni ugonjwa unaoingia kijijini na kuacha mabanda matupu kwa siku chache. Haukubali dawa ukishaingia. Huzuiliwa kwa chanjo tu. Ipo chanjo ya tone moja katika jicho, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Gharama yake kwa kuku mmoja ni ndogo kuliko bei ya yai. Basi mbona hatuchanji? Kwa sababu kichupa kimoja hutosha mamia ya kuku, na kikishafunguliwa hakiwekwi. Mwenye kuku watano hanunui chanjo ya kuku mia. Kila mtu peke yake ana udhuru mzuri, na kuku wetu sote hufa.

Hapa ndipo nilipotaka kufika, wanachama. Jambo ambalo mtu mmoja haliwezi, jamaa wataliweza kwa wepesi. Naomba chama chetu kiweke siku moja, mara tatu au nne kwa mwaka, baada ya sala ya Ijumaa. Wiki moja kabla ya siku hiyo tuandikishe idadi ya kuku wa kila nyumba, tukusanye fedha kidogo kidogo, tumwombe mganga wa mifugo wa tarafa, nasi tuchanje kuku wote wa mlima huu. Nasema wote: wa Mwislamu na wa jirani yake Mkristo. Maradhi hayaulizi dini, na kuku wa jirani asiyechanjwa huacha mlango wa ugonjwa wazi kwa wote. Tena jirani ana haki juu yetu, na hii ni njia nyepesi ya kumtimizia. Vivyo hivyo tuweze kununua mifuko ya tabaka tatu kwa pamoja, na kila nyumba ilipe baada ya mavuno.

Liko na neno jingine, nalo ni zito kidogo, lakini nitalisema kwa heshima ya kina baba wenzangu. Katika nyumba nyingi anayeanika, anayebiringisha gunia na anayewalinda vifaranga ni mama. Lakini anayefungua ghala na kuuza bila ya shauri ni baba. Mama akihesabu kilo 85, baba akatwaa 30 usiku kwa haja yake, hesabu yote imekufa. Nashauri kwamba chakula kilichotengwa kiwe amana, na ufunguo wake ukae kwa mama wa nyumba. Mwanamume hapungukiwi heshima kwa kuomba ufunguo. Hupungukiwa pale watoto wake wanapokwenda kuomba kwa jirani.

Wala tusisahau haki ya Mungu katika ghala hilo. Nisabu ya zaka ya nafaka ni wasaki tano, zinazokaribia kilo 650, na wengi wetu wenye chini ya nusu hekta hatuifikii. Lakini Zakatul Fitri yatuhusu kila mwenye ziada: pishi moja kwa kila mtu wa nyumba, katika chakula tunachokula. Aliyeweka vizuri atatoa maharagwe mazima au mahindi safi. Na aliyeweka vibaya hupeleka kwa maskini vilivyoliwa na fukusi, akajiona ametoa. Na tusichokipenda kwa watoto wetu tusimpe Mungu. Tena Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba apandaye mti au mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Thawabu gani nyepesi kuliko hii, ya kumfikia mtu hali amelala?

Wanachama wenzangu, chama hakipimwi kwa urefu wa hotuba za siku ya ukumbusho, ikiwemo hii yangu. Mwaka ujao, tukijaaliwa, tuulizane maswali matatu: nyumba ngapi zilikuwa na maharagwe mwezi wa Mei, kuku wangapi walichanjwa, na maskini wangapi walipokea pishi safi. Majibu yakiwa mema, basi tutakuwa na la kumshukuru Mola wetu.

Ewe Mola wetu, tubarikie katika mashamba yetu na katika maghala yetu. Utukinge na israfu, na uchoyo, na uvivu. Uwakuze watoto wetu kwa afya ya mwili na nuru ya elimu. Uwarehemu wazee wetu waliotutangulia, na uipe nchi yetu na jirani zetu amani. Amin.